Dereva, Mkalimani au Mganga? Kazi ya Bwana Kapasi katika "Interpreter of Maladies"

Hadithi fupi ya Jhumpa Lahiri iitwayo "Interpreter of Maladies" imo katika mkusanyiko wenye jina hilohilo, uliotoka mwaka 1999 na kumpatia mwandishi tuzo ya Pulitzer mwaka 2000. Kila ninapoisikia ikijadiliwa, mjadala huishia kwenye siri ya Bibi Das, yaani kwamba mtoto wake wa pili si wa mumewe. Tukifika hapo basi, semina nzima inageuka kuwa baraza la usuluhishi wa ndoa. Mmoja anamlaani mwanamke, mwingine anamtetea kwa kuwa mumewe ni mtu wa kitabu na kamera tu, na Bwana Kapasi, ambaye hadithi yote tumeiona kwa macho yake, anasahauliwa. Akikumbukwa, anakumbukwa kwa mambo mawili: kwamba alimtamani abiria wake, na kwamba alishindwa kumsaidia. La kwanza nakubali. La pili silikubali hata kidogo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa wale ambao hawajaisoma, kisa chenyewe ni chepesi. Familia ya Das, baba, mama na watoto watatu, imetoka New Jersey kwenda India, na imekodi gari pamoja na dereva kwa siku moja. Wanatoka Puri, mji wa pwani katika jimbo la Orissa (jina limebadilishwa kuwa Odisha tangu 2011), wanakwenda kuliona Hekalu la Jua la Konarak, kisha wanaongeza safari hadi vilima vya Udayagiri na Khandagiri. Njiani wanasimama kunywa chai, kula, kupiga picha. Dereva ni Bwana Kapasi, mwenye umri wa miaka 46, ambaye hutembeza watalii siku za Ijumaa na Jumamosi, na siku nyingine ni mkalimani kwa daktari mmoja asiyejua Kigujarati, lugha ya baadhi ya wagonjwa wake. Ni hayo tu. Hakuna anayekufa, hakuna ndoa inayovunjika mbele yetu.

Tuanze na gari, maana hadithi yenyewe inaanza hapo. Neno hili gari sisi tumelipokea kutoka hukohuko India, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulitazama kwa ukaribu kidogo. Gari la Bwana Kapasi ni Ambassador nyeupe, kubwa, aina iliyoundwa India kuanzia miaka ya 1950 kwa kufuata umbo la Morris Oxford ya Uingereza, na iliyoendelea kuundwa mpaka 2014. Jina lake maana yake ni balozi. Sasa mtazame mwenye kuliendesha: ujanani alijifunza lugha za kigeni kwa kujitesa, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi, Kireno, Kiitalia, akiota kwamba siku moja atakaa katikati ya mabalozi na kuwasuluhisha. Lugha zote zimemtoka, kimebaki Kiingereza. Balozi aliyempata ni huyu wa bati. Lahiri haelezi kinaya hiki hata kwa neno moja, anakiacha barabarani kijiendee, na kwa maoni yangu hapa ndipo anapoonyesha ufundi wake mkubwa kuliko hata kwenye ile siri. Waandishi wetu wengi wangetupigia kelele hapo.

Ndani ya gari hilo kila mtu ana mahali pake pa kutazama. Bwana Das, mwalimu wa sayansi, anatazama kitabu cha mwongozo wa watalii, kitabu ambacho kinaonekana kimechapishwa ng'ambo, na akichoka kukitazama anatazama kupitia kamera. Watoto wanatazama kima walioko barabarani. Bibi Das anatazama kucha zake, anazipaka rangi, na binti yake akitaka kupakwa anamfukuza. Dereva naye anatazama mbele kwa kuwa ndiyo kazi yake, na nyuma kwa kioo kwa kuwa ndiyo tamaa yake. Kioo hiki ni nyenzo ya usimulizi. Nafsi ya tatu aliyoitumia mwandishi ina mipaka ya kile kioo: tunawajua akina Das kadiri wanavyoonekana na mtu aliyewapa mgongo. Mtu wa namna hiyo huona mengi, kwa sababu abiria humsahau.

Mtoto mmoja anashangaa kwa nini dereva anakaa upande usio wake. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa sentensi hiyo inachekesha, maana usukani wa Bwana Kapasi uko palepale ulipo wa kwetu. Ghafla tunajikuta tumekaa kiti cha mbele pamoja naye, tunawaona wageni kwa pembeni. Nadhani msomaji wa Marekani hukaa kiti cha nyuma hata bila kutaka.

Kuna jambo la fedha linalotajwa haraka na kupita. Bibi Das analalamika joto, anamsuta mumewe kwa kukodi gari lisilo na kiyoyozi ili kubana rupia chache ambazo kwa hesabu ya kwao hazifiki hata dola. Dereva yuko hapohapo anasikia. Baadaye Bwana Das anataka gari lisimame ampige picha mtu mmoja pekupeku, kilemba kichafu kichwani, amekaa juu ya magunia kwenye mkokoteni unaokokotwa na maksai wawili, mtu amekonda na wanyama wamekonda. Wenzangu wanaosoma kazi za sanaa kwa jicho la utabaka wanazishika sehemu hizi mbili kwa mikono miwili, wanasema: tazameni, mtalii na mnyonge! Sina ugomvi nao, ushahidi umo. Lakini wakishalisema hilo hawaendelei, na Bwana Kapasi hakai vizuri ndani ya neno mnyonge. Yeye mwenyewe ana jicho la dharau. Anawahukumu akina Das tangu kwenye kibanda cha chai: wanagombana nani ampeleke mtoto msalani, mama hamshiki mkono mwanawe wanapokwenda, wanafanana na kaka na dada wakubwa kuliko wazazi. Anashangaa Bwana Das anapomtaja mkewe kwa jina lake mbele ya mtoto, eti Mina, badala ya kusema mama yako. Mshangao huo hauhitaji tafsiri kwetu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana suala la kuitana ndilo ufunguo. Katika Kiingereza cha hadithi wanaitana kwa heshima ya ofisini tangu asubuhi mpaka mchana, Bwana fulani na Bibi fulani. Jina la kwanza la dereva hatulijui mpaka mwisho. Heshima hiyo haina umri. Ndani yake Bwana Kapasi anaweza kujenga ndoto zake zote: kwamba huyu mwanamke aliyemuuliza habari za kazi yake, aliyesema ukalimani kwa daktari ni kazi ya kupendeza, aliyemwomba anwani ili amtumie picha, atamwandikia barua, naye atajibu, na watajuana ng'ambo kwa ng'ambo. Anaandika anwani kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye gazeti la sinema, kwa mwandiko wa uangalifu, na anapiga hesabu ya wiki ambazo barua itachukua. Kumbe bibi ana miaka 28. Tofauti yao ni miaka 18! Na kweli, anapoanza kutoa siri yake, jambo la kwanza analofanya ni kumkataza kumwita Bibi Das, kwa hoja kwamba labda ana watoto wa umri wake. Ndoto ya barua inavunjika hapo, kabla hata siri haijatoka.

Sasa jiulize hadithi hii ingekuwaje kwa Kiswahili. Saa mbili na nusu asubuhi, mlangoni pa hoteli, kijana wa miaka 28 anakutana na dereva mwenye mvi: shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Kwisha. Safari nzima ingekwenda na umri wao umewekwa mezani, na Bwana Kapasi asingepata nafasi hata ya kurekebisha kola ya shati lake. Au tuseme angepata, maana shikamoo haijawahi kumzuia mwenye tamaa, lakini asingeweza kujidanganya kwamba hakuambiwa. Mfasiri atakayeichukua kazi hii ana mtihani: akiandika Bwana Kapasi anabakiza ukungu wa Kiingereza, akiandika Mzee Kapasi anafichua jambo ambalo mwandishi amelificha kwa makusudi mpaka kurasa za mwisho. Mimi ningebakiza Bwana, hata kama kwa masikio ya Kitanzania linasikika kavu.

Mtihani wa pili ni kichwa cha hadithi. Kwenye semina yalitolewa mapendekezo mengi, mojawapo likiwa Mfasiri wa Maradhi, na lingine, la mtu aliyependa kurahisisha, Mganga. Yote mawili yanaharibu. Kiswahili kimetujalia kutenganisha mfasiri, ambaye hukaa na maandishi na kamusi yake, na mkalimani, ambaye husimama katikati ya watu wawili wasioelewana na kuyahamisha maneno papo hapo. Mkalimani hana muda wa kufuta. Tena katika historia yetu tunamfahamu vizuri, kuanzia kwenye misafara, mahakama za wakoloni, hadi zahanati ambako mgonjwa anajua kilugha chake tu. Mgonjwa anasema koo linamuuma kana kwamba limekwamwa na vijiti vya majani makavu (mfano huu Bwana Kapasi mwenyewe anamtolea Bibi Das), mkalimani anayapeleka maneno hayo kwa daktari, daktari anatoa dawa. Mkalimani hatibu. Hastahili sifa mgonjwa akipona wala lawama akifa.

Na lawama anayo tayari, yake ya nyumbani. Kazi hiyo aliipata kwa sababu mwanawe wa kwanza, akiwa na miaka saba, alipatwa na homa ya matumbo, na daktari huyo akamwajiri kwa mshahara mara mbili ya ule wa ualimu. Mtoto alifariki. Mkewe haithamini kazi hiyo, kwake inamkumbusha maisha ya watu wengine yanayookolewa. Ndiyo sababu sifa ya Bibi Das inamlevya kiasi kile: ni mtu wa kwanza kuiita kazi yake kubwa, anamwambia wagonjwa wanamtegemea yeye kuliko hata daktari. Ni maneno ya abiria anayejipunguzia uchovu wa safari. Yeye anayapokea kama cheo.

Twende kwenye gari lililosimama chini ya kilima, pale penye kasheshe. Mume na watoto wamepanda kwenda kuona mapango ya watawa, Bibi Das amekataa kushuka. Anahamia kiti cha mbele. Anasimulia: Bobby ni mtoto wa rafiki wa mumewe, amekaa na siri hiyo miaka minane, hajamwambia mtu. Kisha anataka kitu. Anamtaka Bwana Kapasi aseme neno, apendekeze dawa, kwa sababu si ndiyo kazi yake? Yaani amekodi dereva, akamgeuza mkalimani, sasa anamdai uganga, na yote hayo kwa nauli ileile.

Bwana Kapasi anafikiri, kisha anamuuliza kama kile anachokisikia ni maumivu kweli, au ni ile hali ya kujua umekosa. Bibi Das anamtazama kwa hasira, anashuka, anaondoka. Wenzangu wanasema: hapo ameshindwa, badala ya kumfariji amemhukumu. Mimi nasema siku nzima ile Bwana Kapasi amefanya kazi ya dereva na ya kiongozi wa watalii, na mara moja tu, katika swali lile, amefanya kazi ya mkalimani. Amechukua neno la mgonjwa na kulitia katika lugha nyingine. Bibi Das alilileta kwa jina la maumivu, yeye akalirudisha kwa jina jingine, na mgonjwa kwa ghadhabu yake alithibitisha kwamba limefika sawasawa. Neno lisilomgusa mtu halimshushi garini.

Hata hapa Kiswahili kinatusaidia kuona. Jina hilo la pili Kiingereza kinalo kwa neno moja. Sisi tukisema hatia tumeingia mahakamani. Tukisema majuto tumemhurumia mapema, maana anayejuta ameshakubali. Ningechagua kusutwa na nafsi. Kusuta kwa watu wa pwani ni jambo la hadharani, mtu anafuatwa mlangoni anaambiwa mbele za watu aliyoyasema. Bibi Das alitafuta mtu wa kumsikiliza bila kumsuta, ndiyo sababu akamchagua dereva ambaye kesho hatamwona tena. Wangapi hawajamwambia dereva wa teksi jambo ambalo hawajamwambia mama yao?

Lakini nisimpake mafuta Bwana Kapasi. Swali lake ni sahihi na nia yake ni mbaya. Lahiri anatuonyesha wazi kwamba kabla ya kuuliza alikuwa ameona ametukanwa, kuletewa siri ya kawaida, ndogo, na mwanamke ambaye dakika chache nyuma alikuwa akimwota. Lingekuwa jambo la kuhuzunisha kama lingekuwa kubwa! Anauliza akiwa amejeruhiwa. Na akitazamwa kwa ghadhabu anagundua kwamba yeye si mtu wa kutosha hata wa kutukanwa kikamilifu. Ukalimani wa kweli uliotoka kwenye moyo wa kinyongo: hapo ndipo ilipo hadithi, na ndiyo maana hukumu nyepesi za upande wowote haziishiki.

Nirudi nyuma kidogo, Konarak. Hekalu hilo lilijengwa karne ya 13 na Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza, na tangu 1984 limo katika orodha ya urithi wa dunia. Limechongwa kwa umbo la gari la mungu Jua, lenye magurudumu 24 na farasi saba. Kwa hiyo watu waliomo garini wamesafiri kwenda kutazama gari. Na gari hilo la mawe nalo lina dereva wake: katika imani ya Kihindu anayeliendesha gari la Jua ni Aruna. Nguzo yake ilikuwa hapo Konarak, na katika karne ya 18 ikahamishwa ikapelekwa Puri, mbele ya hekalu la Jagannath, mji uleule ambao Bwana Kapasi aliwachukulia akina Das asubuhi. Hadithi haiitaji habari hiyo, na sidai kwamba Lahiri aliikusudia. Ila msomaji akishaijua hawezi kuliona hekalu lile bila kuona kwamba abiria mtukufu kabakia na dereva kaondolewa.

Kasoro zipo. Kima ndio kasoro kubwa. Bibi Das anapanda kilima huku anamwaga bisi za mchele bila kujua, kima wanafuata nyayo, wanamzingira Bobby, mtoto wa siri hasa, si mwingine. Tukio hili limepangwa mno. Bobby anaokolewa na Bwana Kapasi, na tunaelewa kwamba angeweza kusema siri wakati huo wa kumbeba mtoto akasita, sawa, lakini mkono wa mwandishi tunauona kwenye kila punje ya bisi. R. K. Narayan katika riwaya yake The Guide ya mwaka 1958 aligawa kazi hizi kwa watu wawili: Raju anatembeza watalii na kumpenda mke wa mtalii, Gaffur anaendesha teksi, anaona, na anamwonya mwenzake. Lahiri amewaunganisha katika mtu mmoja, naye kwa hiyo hana wa kumwonya. Ni uamuzi mzuri. Ukali wa upweke huo ungetosha kuimaliza hadithi bila msaada wa wanyama.

Lakini ile karatasi ya anwani nisingekubali iguswe. Bibi Das anatoa brashi mkobani amchane Bobby nywele, karatasi inatoka nayo, upepo unaichukua, inapanda juu kwenye miti walikokaa kima. Hakuna anayeiona isipokuwa mwenye anwani. Bwana Kapasi haikimbilii wala hasemi kitu. Anawatazama akina Das na kuiweka akilini picha yao ya wakati ule. Bwana Das alipiga picha kutwa nzima, na ya dereva wake imo, ameketi nao mezani. Nakala haitafika.

Lahiri anakata hapo, wakiwa bado kilimani. Hatuambiwi safari ya kurudi ilikuwaje, nani alikaa kiti gani, kama kuna aliyezungumza, kama kile kioo kilitazamwa tena. Lakini hoteli iko Puri, mtoto ana michubuko, gari halina kiyoyozi, na gari lilikodiwa kwa siku nzima. Bwana Kapasi bado hajamaliza kazi.